Gari la Zamani Linaloendeshwa kwa Nadra: Namna ya Kulichagulia Bima

Katika kata nyingi za Kibaha na Kisarawe si ajabu kukuta, chini ya banda la makuti au nyuma ya nyumba, gari lililofunikwa turubai. Huenda ni Land Rover iliyohudumia shamba kwa miongo kadhaa, Peugeot 504 aliyoiacha marehemu baba, au Mercedes-Benz ya zamani inayopigwa rangi na kung'arishwa ili itoke siku ya harusi na sikukuu tu. Kibaha yenyewe ina historia ndefu katika habari za magari. Ndiko kilikokuwa kiwanda cha TAMCO, ambako malori ya Scania yaliunganishwa, na ndiko liliko Shirika la Nyumbu, lililobuni gari linalobeba jina hilo. Haishangazi, basi, kuwa wapo wakazi ambao gari kuukuu kwao si chuma chakavu, bali ni kumbukumbu ya familia na mali yenye thamani.

Gari la namna hii huenda likatoka mara moja kwa mwezi, au hata mara tatu kwa mwaka. Hata hivyo, siku linapotoka hupita katika Barabara ya Morogoro ile ile yenye malori, mabasi na bodaboda, au katika barabara ya kutoka Kisarawe kwenda Maneromango, ambako watoto wa shule hutembea pembezoni. Ajali haiulizi gari limetembea kilomita ngapi mwaka huo. Makala haya yanaeleza yale ambayo mmiliki wa gari la zamani, au la kuendeshwa kwa nadra, anapaswa kuyafahamu kabla ya kulikatia bima.

Sheria inataka nini

Bima ya magari nchini inaongozwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ni kosa kutumia chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mtu mwingine akitumie, pasipo bima inayowalinda watu wengine watakaofariki au kujeruhiwa kutokana na matumizi ya chombo hicho. Maneno mawili katika kanuni hiyo yanastahili kuzingatiwa.

La kwanza ni "barabarani". Gari lililosimama juu ya mawe ndani ya ua, lisilo na magurudumu, halitumiki barabarani. Lakini likishavuka geti, hata kama linakwenda kwa fundi wa mtaa wa pili au linajaribiwa breki, tayari limo barabarani na linahitaji bima iliyo hai. Sheria haina msamaha wa safari fupi.

La pili ni "kumruhusu". Mmiliki anayemkabidhi mpwa wake ufunguo ili akamchukue bibi harusi hawezi kujitetea kuwa si yeye aliyeshika usukani. Akiruhusu gari lisilo na bima litumike, naye anawajibika.

Wapo wanaodhani kuwa, kwa kuwa ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa Julai 2017 na mzigo wake kuhamishiwa katika ushuru wa mafuta, basi gari lisilotembea halina tena gharama ya lazima. Ni kweli kuwa ada hiyo haidaiwi tena kila mwaka. Bima, hata hivyo, haikuhusika na mabadiliko hayo.

Kwanza, gari ni la nani?

Kabla ya kuzungumzia aina ya bima, mmiliki atazame kadi ya gari. Magari mengi ya zamani bado yana majina ya wamiliki wa awali: shirika lililovunjwa, rafiki aliyeliuza kwa mapatano ya mdomo, au mzazi aliyekwisha kufariki dunia. Hapa ndipo madai mengi ya fidia huweza kukwama. Msingi wa bima ni kwamba anayekata bima awe na maslahi halali katika mali husika, yaani awe ni mtu atakayepata hasara ya kifedha mali hiyo ikiharibika. Mtu asiyeweza kuonesha uhusiano wake na gari atapata taabu kudai fidia, hata kama alilipa ada kwa wakati.

Kwa gari la urithi, njia iliyonyooka ni kufungua shauri la mirathi. Familia hukaa kikao na kuandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, hupata cheti cha kifo kutoka RITA, na kupeleka maombi mahakamani. Kwa familia nyingi huwa ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa, anaweza kuhamisha umiliki wa gari kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ofisi ya Mtendaji wa Kata ni mahali pazuri pa kuanzia kwa familia isiyojua hatua hizi, kwani hutoa barua za utambulisho na maelekezo ya ofisi inayofuata.

Kwa gari lililonunuliwa bila kubadilisha jina, mnunuzi amtafute muuzaji wakati bado yu hai na anapatikana. Kila mwaka unaopita huifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi.

Aina tatu za bima na nafasi ya kila moja

Aina ya kwanza ni bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Hii ndiyo ya lazima kisheria. Humlipa mtu mwingine aliyeumizwa, au familia ya aliyefariki, na mikataba mingi huongeza uharibifu wa mali ya mtu huyo hadi kiwango fulani. Haimlipi mmiliki hata shilingi moja kwa gari lake mwenyewe. Kwa gari dogo la binafsi, ada yake kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 100,000 pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, yaani jumla ya shilingi 118,000 kwa mwaka.

Aina ya pili ni bima ya mtu wa tatu, moto na wizi. Pamoja na kuwalinda watu wengine, humlipa mmiliki gari lake likiungua au kuibwa. Haihusiki na gari kugonga au kupinduka. Aina hii husahauliwa na wengi, ilhali kwa gari linalokaa bandani siku 350 kati ya 365 ina mantiki kubwa. Hatari kuu za gari lililoegeshwa si kugongana na lori. Ni moto wa nyasi wakati wa kiangazi, hitilafu ya nyaya zilizotafunwa na panya, na mwizi wa usiku.

Aina ya tatu ni bima kubwa, ambayo hujumuisha hayo yote pamoja na uharibifu wa gari lenyewe katika ajali. Ada yake hukokotolewa kama asilimia ya thamani ya gari. Ugumu wake kwa gari la zamani ni wa namna mbili. Baadhi ya kampuni huweka ukomo wa umri wa gari zinalokubali kulipa bima kubwa, au hudai ukaguzi kwanza. Tena, hata zinapokubali, suala la thamani hubaki kuwa na utata, kama linavyoelezwa hapa chini.

Njia rahisi ya kuchagua ni kujiuliza swali moja: gari hili likitoweka leo, familia itapoteza nini? Kama jibu ni chuma cha kuuza kwa kilo, bima ndogo inatosha. Kama ni mali ambayo haiwezi kununuliwa tena kwa akiba iliyopo, aina ya pili au ya tatu inastahili kufikiriwa.

Thamani: mahali ambapo wengi huumia

Gari la kawaida hushuka thamani kila mwaka. Gari la zamani lililotunzwa vizuri linaweza kufanya kinyume: likipita umri fulani, thamani yake husimama, kisha huanza kupanda. Katika Afrika Mashariki baadhi ya magari hayo yana heshima yake maalumu. Mashindano ya Safari Rally yaliyoanza mwaka 1953, na ambayo kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliyafanya majina kama Peugeot 404, Peugeot 504 na Datsun 240Z yajulikane hadi vijijini. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda akiwa na Volvo PV544. Tangu mwaka 2003 mashindano ya magari ya kale yanayoenzi historia hiyo yamekuwa yakifanyika katika ukanda huu, na Nairobi imekuwa na maonesho ya magari yaliyotunzwa, yaitwayo Concours d'Elegance, tangu mwaka 1970. Mwenye gari la aina hiyo asidhani kuwa bei ya skrepa ndiyo thamani yake.

Mkataba wa kawaida wa bima kubwa hulipa thamani ya soko siku ya hasara. Kwa gari lenye umri wa miaka 40, mthamini anaweza kuandika kiasi kidogo mno kwa sababu tu gari ni kuukuu na hakuna mengine sokoni ya kulinganisha nalo. Ndiyo maana mmiliki anashauriwa kuuliza kama kampuni inakubali thamani iliyokubaliwa. Katika utaratibu huo pande mbili hukubaliana kiasi mwanzoni na kukiandika katika mkataba, na gari likipotea kabisa hulipwa kiasi hicho bila mjadala mpya.

Ili kufikia makubaliano hayo, ushahidi unahitajika: ripoti ya mthamini, picha za gari pande zote pamoja na injini na viti, namba za chasi na injini, na risiti za matengenezo na vipuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti za fundi aliyekarabati gearbox au kushona viti upya zina thamani ya fedha siku ya madai.

Kosa la upande wa pili ni kutaja thamani ndogo ili kupunguza ada. Chukulia mfano wa gari lenye thamani halisi ya shilingi milioni 20. Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 3.5, ada ni shilingi 700,000, na pamoja na kodi ni shilingi 826,000. Mmiliki akiandikisha thamani ya milioni 10, hulipa shilingi 413,000. Anaona ameokoa nusu. Kisha gari linagongwa na matengenezo yanagharimu milioni 4. Pale ambapo mkataba una kanuni ya uwiano, kampuni itasema kuwa gari lilikatiwa bima kwa nusu ya thamani yake, hivyo italipa nusu ya hasara: milioni 2. Kutoka katika hizo itaondolewa pia sehemu ya hasara ambayo kila mkata bima huibeba mwenyewe. Aliyeokoa 413,000 amepoteza zaidi ya milioni 2.

Harusi, kukodisha na dereva wa siku moja

Fomu ya maombi ya bima huuliza gari litatumika kwa shughuli gani. Majibu ya swali hilo ndiyo hujenga mkataba. Gari lililoandikishwa kwa matumizi binafsi linalindwa kwa matumizi binafsi. Likipokea malipo kubeba maharusi, au likikodishwa kwa ajili ya kupiga picha za video, matumizi yamebadilika, na kampuni inaweza kukataa kulipa uharibifu wake.

Kumsaidia ndugu bila malipo ni jambo moja. Kupokea shilingi 200,000 kwa siku ni jambo jingine. Mmiliki anayejua kuwa gari lake litakodishwa, hata kama ni mara nne kwa mwaka, aseme hivyo tangu mwanzo na aulize ada ya matumizi hayo. Ada inaweza kupanda, lakini anayenunua bima isiyolingana na matumizi yake amenunua karatasi.

Vilevile, izingatiwe nani ameruhusiwa kuendesha. Mikataba mingine hutaka dereva awe na leseni hai ya daraja husika na uzoefu wa muda fulani. Mingine hutaja madereva kwa majina. Gari la zamani lenye usukani mzito na breki zisizofanana na za magari ya sasa si la kumpa kijana aliyepata leseni wiki iliyopita.

Kwa anayevuka mpaka, kwa mfano kwenda kwenye maonesho Nairobi, bima ya ndani pekee haitoshi. Aulize kuhusu Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki, ili awe na kinga ya mtu wa tatu katika nchi nyingine wanachama.

Yanayofanyika kwingine

Katika nchi kama Marekani na Uingereza zipo bima mahsusi kwa magari ya kale. Kampuni ya Hagerty ya jimbo la Michigan, iliyoanza mwaka 1984 kwa kukatia bima mashua za mbao, ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi katika soko hilo. Ada za bima hizo mara nyingi huwa nafuu kuliko za gari la kila siku, kwa sababu masharti yake hupunguza hatari: gari likae ndani ya banda linalofungwa, mmiliki awe na gari jingine la kwendea kazini, na matumizi yawe ya hapa na pale. Kwa upande wake, mkataba huandikwa kwa thamani iliyokubaliwa.

Mkazi wa Mlandizi au Kisarawe anaweza kujifunza kitu hapa hata kama anakata bima ya kawaida. Masharti hayo ndiyo hoja za kujadiliana na kampuni. Anayeonesha banda lenye kufuli, gari jingine la shughuli za kila siku, na kumbukumbu ya kilomita chache kwa mwaka, ana sababu nzuri ya kuomba ada nafuu, thamani iliyokubaliwa, au nafuu kwa miezi ambayo gari limeegeshwa. Anayetaka bima ya miezi michache aulize pia, ila alinganishe hesabu kwanza, kwani ada ya muda mfupi kwa kawaida huwa kubwa kwa uwiano kuliko ya mwaka mzima.

Utunzaji ni sehemu ya bima

Karibu kila mkataba humtaka mmiliki alitunze gari katika hali salama. Gari linalokaa muda mrefu huharibika kimyakimya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, mipira hukauka, betri hufa, na matairi huzeeka hata kama kashata zake bado ni nzito. Umri wa tairi husomeka ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2312, kwa mfano, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, na halifai kuaminiwa katika mwendo wa Barabara ya Morogoro.

Wakazi wa maeneo ya mabondeni, hususan karibu na Mto Ruvu, wahakikishe kuwa mkataba unataja mafuriko, na gari liegeshwe mahali palipoinuka wakati wa masika. Wanaoishi karibu na mapori wafyeke nyasi kuzunguka banda kabla ya kiangazi. Jingine la kuuliza ni wizi wa vifaa kama taa, vioo na redio, kwani mikataba mingine hulipa gari likiibwa zima tu.

Kwa gari ambalo vipuri vyake ni adimu, yaulizwe mambo mawili zaidi. Je, kampuni itakata kiasi gani pale kipuri kipya kinapochukua nafasi ya kikuukuu? Na endapo gari litahesabiwa kuwa limeharibika kabisa, je, mmiliki anaweza kubaki na mabaki yake kwa kukatwa kiasi fulani katika fidia? Kwa mtu anayelithamini gari la baba yake, jibu la swali la pili linaweza kuwa muhimu kuliko fedha.

Kabla na baada ya kulipa

Biashara ya bima inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwananchi anunue kwa kampuni, wakala, dalali wa bima au benki yenye leseni ya mamlaka hiyo. Bima haiuzwi kwa mkopo: kinga huanza ada inapolipwa, hivyo ahadi ya "utalipa mwisho wa mwezi" isikubaliwe. Baada ya kulipa, mkata bima ahakiki stika yake katika mfumo wa TIRA-MIS kwa kutumia namba ya usajili wa gari. Kama gari halionekani, arudi kwa aliyemuuzia siku hiyo hiyo. Aombe pia mkataba kamili na kuusoma, kwa kuwa stika hailezi masharti.

Ajali ikitokea, wajeruhiwa wahudumiwe kwanza, polisi wajulishwe, na majeruhi wapatiwe fomu ya PF3. Kampuni ya bima ijulishwe mapema kadiri mkataba unavyoelekeza, na gari lisianze kutengenezwa kabla halijakaguliwa. Mmiliki asikiri deni wala kuahidi malipo kwa niaba ya kampuni.

Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni aandike malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza na kutunza nakala. Asiposikilizwa, anaweza kufika TIRA au katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa muhtasari, mwenye gari la zamani anashauriwa kufanya mambo matano kabla halijatoka bandani: kuhakikisha kadi ina jina sahihi, kupata thamani yenye ushahidi, kueleza ukweli kuhusu matumizi, kuchagua aina ya bima inayolingana na hasara anayoweza kuibeba, na kuhakiki stika. Hatua hizo humlinda yeye na mali yake. Zaidi ya yote, humlinda mpita njia ambaye hajui wala hajali kama gari lililomgonga hutoka kila siku au mara moja kwa mwaka.